Wiki ya NDC: Njoo Nairobi, lakini njoo kwa nauli yako

Mwezi uliopita dada mmoja wa Nakuru alitutumia ujumbe. Ameitwa mahojiano ya kazi Upper Hill, na kampuni imempa wiki mbili achague: hii ama ile. Binamu yake anayeishi Zimmerman amemwahidi kitanda, na wamepanga kuzunguka mji siku mbili tatu kwa sababu dada mwenyewe hajakanyaga Nairobi tangu ile safari ya shule ya msingi. Wiki ya kwanza inamfaa zaidi. Lakini binamu amesikia kuna chama kitakuwa na kongamano la wajumbe Kasarani Ijumaa ya wiki hiyo, na mama mtu alipopata habari akasema hakuna mtoto wa nyumba yake atakayeenda Nairobi siku za siasa. "Sasa nikuje ama nisikuje?" akatuuliza, na mwisho akaweka emoji ya kucheka, ingawa hatuamini kwamba alikuwa anacheka.

Tulimpigia simu. Lakini swali lake limebaki mezani petu kwa sababu tunajua si lake peke yake. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo kila chama chenye hamu ya Ikulu kitawaita wajumbe wake kutoka kaunti zote 47, na wengi wataitwa hapa Nairobi. Mnakumbuka 2022 ilivyokuwa. Februari 26 ODM walikuwa Kasarani na Jubilee walikuwa KICC, siku moja, jiji moja. Machi 12 Azimio wakajaza KICC. Machi 15 UDA wakajaza Kasarani. Ndani ya majuma matatu hivi, mtu aliyekuja mjini kufuata viza, kujiunga na chuo ama kununua mtumba Gikomba alikuwa na nafasi nzuri sana ya kukutana na msafara wa ving'ora.

Msimamo wetu ni kwamba aje. Aje yeye, na wewe pia uje, uwe Eldoret, Kisumu, Meru ama Mombasa, mradi una shughuli yako. Ila kuna kuja na kuna kuletwa, na hilo la pili ndilo linatusumbua, kwa sababu msimu huu wengi wa rika letu wataletwa.

Tuanze na mama, kwa sababu hofu yake si upuuzi. Wazazi wetu wana kumbukumbu ndefu ya siasa za nchi hii kuliko sisi tunaozipata kwa TikTok. Februari 28, 2014, ODM walikuwa Kasarani kuchagua viongozi wa chama wakati wanaume waliovalia suti nyeusi walipozua fujo ukumbini, masanduku ya kura yakapinduliwa, viti vikaruka, na uchaguzi ukafia papo hapo. Waliokimbia siku hiyo hawakuwa wapita njia. Walikuwa wajumbe walioalikwa. Halafu Oktoba 2025 hakukuwa na kongamano lolote; watu walikwenda Kasarani kumuaga Raila Odinga, na bado polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Mzazi aliyetazama picha hizo kwenye runinga akiwa Nakuru ana haki ya kusema "hapana" jina la Kasarani likitajwa.

Lakini kusema ukweli, NDC nyingi zinachosha. Wajumbe wanafika alfajiri, wanapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni, wanasubiri saa nne, wanasubiri saa sita, wanacheza muziki wa kampeni, kiongozi anafika saa nane na helikopta ama msafara, mtu anasoma maazimio ambayo yalikubaliwa usiku kwenye hoteli fulani, mikono inainuliwa, imepita. Kisha watu wanatafuta basi lao gizani. Anayepita Thika Road wakati huo hataona hatari yoyote zaidi ya jam na watu wenye fulana za rangi moja wakinunua smokie.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba si kongamano lenyewe linalofanya mji uwe hatari. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, polisi waliweka vizuizi kwenye barabara kuu zinazoingia Nairobi. Magari yalirudishwa. Wauguzi, walinzi, watu wa vibarua walitembea kilomita baada ya kilomita kwenda kazini, na wengi hawakufika. Siku hiyo, kwa hesabu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, zaidi ya watu 30 waliuawa nchini. Sasa linganisha na wiki ya kongamano la chama kikubwa. Barabara ni zile zile, polisi ni wale wale, na umati mara nyingi ni mkubwa kuliko wa maandamano. Lakini basi la chama linapigiwa saluti. Linaonyeshwa njia. Trafiki anasimamisha matatu ya wenye nauli zao ili mabasi ya wajumbe yapite.

Hapo ndipo swali la dada wa Nakuru linapoacha kuwa la usafiri tu. Mji mkuu unafungwa kijana akija kwa miguu yake na bango lake, halafu unafunguliwa akija na fulana aliyopewa. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako nchini. Kifungu cha 37 kinampa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tumevisoma tena wiki hii, tukitafuta mahali palipoandikwa "mradi una kadi ya chama". Hatukupaona.

Kwa hivyo tunapomwambia aje, hatumwambii aje kuandamana, wala hatumwambii aende kupiga selfie mlangoni Kasarani. Tunamwambia asiupe mgongo mji kwa sababu wanasiasa wameukodisha siku moja. Ana mahojiano. Hiyo ni sababu kubwa kuliko ya wengi watakaokuwa kwenye yale mabasi.

Kuhusu hayo mabasi, mmoja wetu hapa kwenye dawati ana hadithi. Tutamwita "yeye" tu, na chama tutakiita chama. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, hana kazi, na jamaa wa mtaa anayejulikana kwa kupanga vijana akapita akisema kuna safari ya Nairobi: fulana, chakula, na soo tano ukirudi. Walipanda basi saa nane usiku. Hakuna aliyewaambia wanaenda kama nani. Walipofika wakagundua kwamba wao si wajumbe. Wao ni wa nje, wa kupiga kelele kamera zikipita. Chakula kilikuwa soda na mkate. Saa moja jioni yule jamaa wa kupanga vijana alikuwa hashiki simu na basi halikuwepo mahali lilipowaacha. Yeye na wenzake watatu walitembea mpaka katikati ya jiji, wakalala kwenye ofisi ya kampuni ya mabasi kwa huruma ya mlinzi, na asubuhi mamake akatuma nauli kwa M-Pesa, pesa ya mbolea. Zile soo tano mpaka leo hajaziona. Anachocheka nacho sasa ni kwamba ile fulana ilidumu miaka minne, kitambaa kizuri kuliko siasa yenyewe.

Tunaisimulia kwa sababu yule jamaa wa kupanga vijana yuko kila mtaa, na atapita tena. Hatakuja na vitisho. Atakuja na mzaha na jina lako la utani, atakuambia utaona Nairobi bure. Na ukweli ni kwamba mtu ambaye hajawahi kuiona Nairobi, aliye na miaka kumi na tisa na mfuko mtupu, ataona hiyo ni ofa ya maana. Hatumlaumu. Tunachotaka ajue ni kwamba kwa safari hiyo hataiona Nairobi. Ataona ua, geti, na mgongo wa mtu aliye mbele yake.

Halafu kuna wanaosema kongamano ni pesa kwa mji, kwa hivyo mgeni aje ale na wenyeji. Hapa tunaomba subira kidogo. Ni kweli wenye vyumba vya kukodisha kwa siku kuanzia Roysambu mpaka Mwiki huongeza bei wiki hiyo, na wengine wanafuta booking ya mtu aliyelipa mapema ili wampe mheshimiwa na walinzi wake. Ni kweli muuza mayai na muuza maji hufanya siku nzuri kama kanjo hawajamfukuza. Lakini muulize mwenye duka la simu ndani ya barabara iliyofungwa, ama kinyozi wa Sunton ambaye wateja wake wamekwama njiani. Wajumbe wengi wanakuja na chakula cha boksi na wanarudi usiku huo huo. Hawalali, hawanunui, hawanyolewi.

Na si kwetu tu. Marekani, ambako kongamano la chama ni tamasha la siku nne na miji hushindana kulipata, hadithi inafanana. Chama cha Republican kilikutana Milwaukee kuanzia Julai 15 hadi 18, 2024, kwenye uwanja wa Fiserv Forum. Serikali ya taifa ilitoa dola milioni 75 kwa ajili ya usalama peke yake, na wenyeji walitarajia wageni wapatao 50,000. Baadhi ya wenye mikahawa karibu na eneo lililozungushiwa ua walijaza stoo na kuongeza wafanyakazi, halafu wakakaa wakitazama mlango, kwa sababu wateja wao wa kila siku waliukimbia mji na wageni walikuwa ndani ya ua wakila vya ndani. Wachumi Robert Baade, Robert Baumann na Victor Matheson waliwahi kupima makongamano ya miaka mingi katika miji mbalimbali ya nchi hiyo, na hawakupata faida yoyote ya kuonekana katika uchumi wa miji hiyo. Kama siku nne za Marekani hazionekani kwenye hesabu, sijui siku moja ya Kasarani itaonekana wapi. Kwa hivyo usije kwa kudhani utauza. Ukiwa na mzigo wa viatu kutoka Eldoret, mzigo wako ungoje wiki ijayo.

Basi faida ya kuja ni nini, ukitoa mahojiano? Hapa tutaongea kama watu wanaopenda mji huu, mtuvumilie.

Makongamano ya vyama ndiyo yaliyoamua mambo mengi ambayo tunayaishi bila kujua. Machi 1966 KANU walikutana Limuru, wakafuta kiti cha makamu wa rais wa chama alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga, wakakigawa vipande vinane kwa mikoa. Siasa iliyofuata, ya nani ni ndugu na nani ni adui, baadhi yetu tumeirithi pamoja na majina yetu. Desemba 1991 wajumbe wa KANU walikuwa Kasarani. Msemaji baada ya msemaji alisimama kukashifu mfumo wa vyama vingi, mpaka Rais Moi aliposema kile kifungu cha 2A kilichoruhusu chama kimoja tu kitolewe. Na wale wale waliokuwa wakikashifu wakakubali. Fikiria umekaa kwenye kiti cha plastiki umepiga makofi kwa "hapana" asubuhi na kwa "ndiyo" jioni. Huyo ndiye mjumbe.

Lakini siku tunayoipenda zaidi ni Oktoba 14, 2002. Siku hiyo KANU walikuwa Kasarani wakimwidhinisha Uhuru Kenyatta awe mgombea wao wa urais. Kila kitu kilikuwa tayari: wajumbe, bendera, magari ya serikali. Siku hiyo hiyo, kilomita chache tu kutoka hapo, waliotoka KANU wakajiunga na upinzani Uhuru Park, na Raila Odinga akasema maneno mawili, "Kibaki tosha". Desemba 27 Kibaki akashinda. Aliyekuja Nairobi wiki hiyo kwa basi la chama alifika Kasarani, akala, akapiga kura ya mkono, akarudi nyumbani bila kujua kwamba alikuwa amekaa upande ambao jambo halikutokea. Aliyekuja kwa nauli yake alikuwa na uhuru wa kugeuza kichwa na kwenda Uhuru Park. Hatusemi kila wiki ya NDC italeta Uhuru Park yake. Tunasema tu kwamba mwenye nauli yake anaweza kushuka steji anayotaka.

Hata jengo lenyewe la KICC lina la kusema. Wengi wetu tunalijua kwa noti na kwa picha za graduation, lakini lilipoanza kujengwa miaka ya 1960 lilikusudiwa kuwa makao makuu ya KANU. Likakua kadiri lilivyokuwa linajengwa, na lilipokamilika 1973 likapokea mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na IMF. Ikachukua hadi 2003, serikali ya NARC ilipoingia, ndipo likatwaliwa kutoka kwa chama likawa mali ya umma. Kwa miaka mingi ghorofa 28 katikati ya mji mkuu zilikuwa mikononi mwa chama kimoja, na watu walipita chini yake wakienda kazini kana kwamba ndivyo mambo yanavyopaswa kuwa. Leo unalipa kiingilio, unapanda lifti, unafika juu ambapo helikopta hutua, na unaona kuanzia Ngong mpaka Mlolongo. Binamu wa Zimmerman akupeleke huko. Ila si siku chama kiko ndani. Siku hiyo usitegemee kupita hata getini, na Harambee Avenue na City Hall Way zitakuwa na kamba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo yule jamaa wa kupanga vijana hatakuambia, pengine kwa sababu halijui. Vyama vinavyofikia vigezo vya sheria hulipwa na umma. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inatenga fungu lisilopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu, na inataka angalau asilimia 30 ya kile ambacho chama kinapokea itumike kusukuma uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii ndogo bungeni na katika mabunge ya kaunti. Hiyo soda na mkate, kwa maneno mengine, huenda ulishalipia wewe mwenyewe kila ulipotuma pesa kwa simu na kukatwa ushuru. Siku ukikutana na kiongozi wa vijana wa chama kwenye kaunti yako, usimwombe fulana. Mwulize asilimia 30 iko wapi, alichaguliwa na nani kuwa mjumbe, na kwa nini wewe mwenye kadi hukujua kura ilipigwa lini. Mwulize kwa upole, lakini mbele ya watu.

Tunajua kuna watakaosema sisi wa Nairobi tunaongea hivi kwa sababu tuko hapa tayari na hatuombi ruhusa kwa mama. Ni kweli. Na mwenzetu anayeishi Mwiki ametukumbusha kwamba mtu ambaye wiki ya NDC humwumiza zaidi si mgeni, ni yeye: nauli ya kwenda mjini inapanda maradufu, makanga anasema "leo ni siku ya waheshimiwa", na akichelewa kazini bosi hataki kusikia habari za chama. Mgeni anaweza kuchagua wiki nyingine. Yeye hana wiki nyingine. Ametuomba tuandike kwamba kama chama kina watu elfu kadhaa wa kuleta, kiwe pia na adabu ya kutangaza mapema barabara zitakazofungwa, na si kuziacha watu wazigundue saa kumi na mbili asubuhi wakiwa wamening'inia mlangoni. Tumeandika.

Na kuna wasiofaa kuja wiki hiyo. Kama unampeleka mgonjwa kliniki na tarehe inaweza kusogezwa, isogeze. Kama una mtoto mchanga mgongoni na mabegi matatu, ngoja. Kama pesa yako ni ya siku mbili haswa na hakuna ndugu wa kukupokea, mji huu utakuwa ghali na hautakuonea huruma. Hilo si woga, ni kujipanga.

Dada wa Nakuru tulimwambia hivi, na tunarudia hapa ili wengine nao wachukue. Achague wiki ya kwanza. Afike Jumanne mchana, si Alhamisi usiku mabasi ya kaunti zote yakiwa barabarani. Mahojiano ni Jumatano saa tatu. Atoke Zimmerman kabla ya saa kumi na mbili, afike Upper Hill mapema, anywe chai kwenye kibanda huku akisoma CV yake. Alhamisi wazunguke mji, KICC wapande siku hiyo. Ijumaa wabaki mtaani, na kama wana hamu ya kuona wajumbe, wasimame kando ya barabara na kuwatazama wakipita, kisha warudi kupika. Asivae rangi ya chama chochote siku hiyo, hata kama lile koti la manjano ndilo zuri alilo nalo. Kitambulisho kiwe mfukoni, simu iwe na chaji, na namba ya binamu iwe imeandikwa kwenye karatasi pia. Akiona watu wanakimbia, asitoe simu kurekodi kwanza. Atafute mlango ulio wazi. Jumamosi asisafiri, kwa sababu waliokosa basi la Ijumaa ndio watakaojaza steji ya Nyamakima na nauli itakuwa ya matusi. Arudi Jumapili.

Alitusikiliza, akasema sawa, kisha tukasikia simu ikibadilishana mikono. Alikuwa mama. Alituuliza majina yetu yote mawili mawili na ofisi yetu iko barabara gani. Tukamwambia. "Nyinyi mnaandika tu," akasema, "lakini huyu ni mtoto wangu wa pekee. Akipatwa na jambo nitakuja hapo kwenu mimi mwenyewe." Tukamwambia karibu sana, mama, ila apande gari la alfajiri.